Kitako cha Gorogoro

Jumamosi usiku, watoto wamelala,
niliiweka gorogoro juu ya jiwe la kusagia,
nikachukua nyundo ya marehemu Wafubwa
nikaanza kupiga, kutoka ndani kwenda nje.

Maana kitako chake kilikuwa kimebonyea,
wala hakikubonyea kwa ajali.
Mama mkwe alikibonyeza mwaka ule mahindi yalipokataa,
akanirithisha pamoja na kibanda, na deni la magunia,
na neno moja:
"Tumbo la kopo likiingia ndani, la mtoto hutoka nje."

Viganja viwili vya maharagwe. Ndivyo tu.
Viganja viwili kila kopo, kila siku ya soko,
hapa Chwele, miaka tisa.
Siku moja kanisani nilijaribu kuvihesabu
mhubiri akisoma habari za Zakayo.
Nikafika gunia la kumi na moja, nikaacha,
nikasimama kuimba na wenzangu.

Mwizi huvunja mlango, nilijiambia.
Wangu huja wenyewe, huchutama mbele ya turubai,
huniita mama, husema asante.
Na sadaka ya mavuno tulipima kwa kopo la kanisa,
kitako kimenyooka kama meza,
nami nikajaza hadi ikafanya kilima, sikuona neno.
Kana kwamba Mungu hanunui maharagwe Chwele.

Si mahubiri yaliyonitoa kitandani.
Ni Naliaka, na hesabu zake za darasa la nne.
"Mama, gorogoro moja ni kilo ngapi?"
"Mbili," nikasema.
Akainamisha kichwa,
nikamwona akiandika uongo wangu
kwa mwandiko mzuri.

Nyundo ililia. Mbwa wa jirani akajibu.
Mama Situma akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta:
"Kuna nini huko?"
"Natengeneza kopo."
"Usiku?"
"Usiku."

Chuma hakitoki kama kilivyoingia.
Kilibaki na mikunjo, kama mkono ulioungua ukapona.

Jumatatu nilingoja kitu, sijui nini.
Mbingu zilibaki mahali pake, na jua lake kali.
Gunia likaisha mapema,
pesa zikapungua shilingi mia tatu
ambazo tayari nilikuwa nimewaahidi watu wa karo.
Nakhumicha akanitazama nikimimina:
"Wewe leo umeokoka, ama umerogwa?"

Kisha akaja Mwalimu Wekhomo.
Makopo manne, kama kawaida yake.
Akapitisha kidole ndani ya gorogoro, polepole,
kama anayesahihisha daftari.

"Umekinyoosha."

Koo likanikauka. "Mwalimu, miaka tisa mimi..."
"Najua. Sote tunajua."
"Sasa mbona ulikuwa ukinunua kwangu?"
"Chako kilibonyea kidogo kuliko vya wenzako."

Hicho ndicho kilikuwa cheo changu sokoni,
mimi wa kiti cha mbele, mimi wa kitambaa cheupe:
aliyebonyea kidogo.

Nikachota viganja viwili, nikamwongezea.
Akavirudisha kwenye turubai, punje kwa punje,
hata zile zilizonasa katikati ya vidole.
"Usinilipe mimi peke yangu," akasema,
akabeba mfuko wake, akaenda.

Wengine nitawapata wapi?
Yule mjane wa Sirisia aliyenunua nusu kopo.
Kijana wa kibanda cha githeri aliyefunga biashara.
Wengine wamekwisha kuzikwa,
na matangani tulipika maharagwe yangu.

Jioni Naliaka akauliza kama aiache ile mbili.
Nikamwambia aiache.
Nikakaa kusikiliza penseli yake ikikwaruza.

Soko linarudi tena.
Chuma kikipata joto la jua
hutamani kurudi kilikozoea; nakihisi
kikisukuma kiganja changu kwa chini.
Nyundo sijairudisha sandukuni.
Nimeitundika pale mlangoni, karibu na kitambaa cha kanisa.